Siku Chache Greenock, Mji wa Sukari na Meli

Jumatano

Uwanja wa ndege wa Glasgow kwa kweli uko Paisley, na hiyo ni heri kwa anayekwenda Greenock, mji wa bandari wa Uskoti kando ya mto Clyde, kwa sababu hana haja ya kuingia jijini kwanza. Mama alikuwa amevaa makoti mawili tangu Dubai. Umri umesogea, kisukari anacho, magoti hayamtii. Lakini tulipofika stesheni ya Paisley Gilmour Street alinitangulia kwenye ngazi za jukwaani, akageuka: "Kaa kulia, mwanangu. Mto uko kulia."

Tulihamia Greenock mwaka 1981 nikiwa na miaka mitano, tukaondoka 1992. Tangu hapo hakuna aliyerudi, si mimi, si Mama. Baba alikuwa akisema atarudi akistaafu, akafariki kabla.

Wasukuma, Wahaya na Wajaluo wa kando ya ziwa letu wana undugu na eneo hili ambao wengi hawaujui. Meli za zamani za Ziwa Victoria kama Usoga na Rusinga ziliundwa hapahapa Paisley na kampuni ya Bow, McLachlan kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Zilifunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa, zikapandishwa treni hadi Kisumu, zikaunganishwa upya na kushushwa ziwani. MV Victoria ilipita njia hiyohiyo, ikitokea karakana ya Yarrow kule Scotstoun, ng'ambo ya mto huuhuu wa Clyde, ikaanza kazi ziwani mwaka 1961. Baba alikuwa fundi wa injini ndani ya Victoria. Alipopata ufadhili wa kusomea uhandisi wa meli Glasgow, aliwaambia wenzake bandarini Mwanza kwamba anakwenda kuona mashine zinakozaliwa. Mama, ambaye ni muuguzi, alipata kazi katika hospitali ya Greenock, na ndiyo maana tukaishi huko na Baba akawa anapanda treni kila asubuhi kwenda chuoni.

Ukishapita Langbank, nyumba zinaachia na maji yanafunguka yote kwa pamoja. Maji yalikuwa yamekupwa. Kwenye tope zilisimama zile nguzo za mbao, mamia kwa mamia, nyeusi, zimeliwa na chumvi. Ni mabaki ya mabwawa ya mbao: zamani magogo ya kuundia meli yaliingizwa humo na kulowekwa maji ya bahari yasikauke na kupasuka. Meli za mbao ziliisha zamani lakini nguzo hakuna aliyejisumbua kuzing'oa.

Halafu Port Glasgow, na pembeni ya ngome ya kale ya Newark kiwanda cha kuunda meli cha Ferguson, cha mwisho kilichobaki upande huu wa chini wa mto. Kivuko chao cha Glen Sannox kilishushwa majini Novemba 2017, na tulipopita hapa Septemba 2024 kilikuwa bado hakijakabidhiwa. Siku ya kukishusha, sehemu ya madirisha ilikuwa imechorwa tu kwa rangi nyeusi ili yaonekane yapo. Nilimsimulia Mama. Akafikiri kidogo. "Baba yako angeumwa," akasema.

Greenock Central mvua ilikuwa inatupokea. Sio ile ya kwetu inayopiga dakika arobaini na kukuacha. Hii ni ya rasharasha, inakaa nawe kutwa kama shemeji asiye na nauli ya kurudi.

Alhamisi

Nyumba yetu ya zamani ipo. Niliogopa kwamba ingekuwa imevunjwa, kwani nyingi zimevunjwa, lakini ile imesimama juu ya mtaa wa Cartsdyke, mawe mekundu, ghorofa nne, mlango mmoja wa mbele na ngazi moja ya mawe wanayotumia wote. Siku hizi mlango una kitufe cha umeme na namba. Tulisimama nje hadi mama mmoja kijana mwenye mtoto wa kubebwa akatoka, akatuuliza tunamtafuta nani. Mama akamweleza kwamba aliishi ghorofa ya pili mwaka 1981. Yule binti akamwangalia, akashikilia mlango wazi. "Ingieni, kuna baridi."

Ngazi zilikuwa zilezile, zimelika katikati kila kidato. Mama alipapasa kitasa cha mlango uliokuwa wetu. Hapo ndipo ilipokuwa inaning'inia kadi. Niwaeleze hiyo kadi, kwa sababu nadhani ndiyo iliyotufanya wenyeji kuliko hati yoyote ya uhamiaji. Katika majengo haya kila familia ilikuwa na zamu ya kusafisha ngazi, na zamu ikifika unakuta kadi imetundikwa kwenye kitasa chako: wiki hii ni wewe. Unafagia, unapiga deki kuanzia mlango wako hadi kwa jirani wa chini, halafu unahamishia kadi kwa anayefuata. Hakuna anayekagua, ila wote wanaona. Wiki ya kwanza Mama alitoka kazini usiku wa manane, akapiga magoti kwenye zile ngazi na brashi na ndoo, akasugua hadi kingo zikawa nyeupe. Asubuhi mama wa ghorofa ya tatu, ambaye alikuwa hajatusemesha hata neno, aligonga na sahani ya keki. Mama mpaka leo anaamini kwamba hakuna ubaguzi usiotibika kwa brashi na ndoo. Mimi siamini hivyo. Shuleni niliitwa majina ambayo sabuni isingeyatoa. Tumebishana hilo miaka mingi na tulibishana tena pale ngazini, kwa Kiswahili, yule binti akitusubiri kwa adabu.

Ghorofa ya chini alikaa mzee tuliyemwita Babu wa Chini. Alikuwa mgonga ribiti, ile misumari minene ya kuunganishia mabamba ya chuma, katika karakana za Scotts, kampuni iliyokuwa ikiunda meli Greenock tangu 1711. Siku nilipofika yeye alikuwa tayari kiziwi. Wagonga ribiti wote wa rika lake walikuwa viziwi, maana kugonga chuma ndani ya tumbo la meli ni sawa na kukaa ndani ya kengele. Kwa hiyo alizungumza kwa kelele na kwa mikono, na mtoto asiyejua Kiingereza alimwelewa yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinionyesha kazi yao kwa kutumia viazi vya moto. Kijana mmoja anachochea jiko la makaa, anachomoa ribiti ikiwa nyekundu karibu kuwa nyeupe, anairusha juu kwa koleo. Wa pili anaidaka kwa kopo, anaichomeka kwenye tundu. Wa tatu yuko ndani, anaikandamiza kichwa kwa chuma kizito. Wa nne na wa tano wako nje, mmoja anatumia mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, wanaigonga kwa zamu hadi mkia wake unalala bapa. Ribiti ikipoa inajikunja na kuyavuta mabamba mawili yakaumana. Ikiwa imepoa kabla ya kugongwa, haikazi, na maji yatapita. Babu alirusha kiazi, mimi nikadaka kwa sufuria ya Mama. Malipo yao yalikuwa kwa idadi ya ribiti, si kwa saa, kwa hiyo asiyejua kudaka aliwaumiza wote.

Baba alikaa naye jioni nyingi. Alileta picha ya Victoria ikiwa gatini Bukoba, Babu akaishika karibu na taa, akaangalia mistari ya mwili wake muda mrefu. Akainua kidole gumba. Kwa watu wa mto huu hiyo ni hotuba ndefu.

Alikuwa na kikohozi. Karakanani mabomba na vyumba vya injini vilifunikwa asbesto, vijana wakitupiana vipande vyake kama mchezo wakati wa mapumziko, na wake zao wakizikung'uta nguo nyumbani. Ugonjwa wa asbesto hukaa mapafuni miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, kabla ya kujionyesha. Mama wodini aliwaona wengi. Alimjua Babu atakufa na nini kabla Babu mwenyewe hajajua, akanyamaza, kwa kuwa haikuwa kazi yake kusema. Hilo ndilo jambo la Greenock ambalo Mama halizungumzi akiwa na watu.

Ijumaa

Leo ilikuwa zamu yangu kuchagua, nikachagua gati.

Niwaambie kwanza kuhusu harufu. Kiwanda cha kusafishia sukari cha Westburn kilikuwa mlimani, barabara ya Drumfrochar, na upepo ukigeuka mji mzima ulinuka sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Kwa mtoto huo ulikuwa utajiri usio na mwisho. Sukari ilisafishwa Greenock tangu 1765. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vilikuwa kumi na vinne, na meli zipatazo 400 kwa mwaka zilileta sukari ghafi kutoka visiwa vya Karibi. Shuleni walitufundisha James Watt, yule aliyeboresha injini ya mvuke, mzaliwa wa mji huu mwaka 1736, asubuhi, mchana na jioni. Nani aliyelima miwa ya Karibi kabla ya viwanda kujengwa, na alilima akiwa amefungwa na nini, hawakutufundisha. Nilikuja kuliunganisha hilo mwenyewe nikiwa mtu mzima, kwenye maktaba ya Dar es Salaam.

Westburn ilifungwa 1997, miaka mitano baada ya sisi kuondoka. Yamebaki maghala ya sukari pale James Watt Dock: jengo refu la matofali mekundu na ya manjano, limesimama juu ya nguzo za chuma kandokando ya maji, sehemu yake ikiwa imeungua moto mwaka 2006. Mbele yake, ambapo tulizoea kuona meli za mizigo, sasa zimefungwa mashua za starehe. Ile winchi kubwa ya Titan ya mwaka 1917 bado inaning'iniza shingo juu ya gati bila kazi. Ukiwa uwanja wa Cappielow, nyumbani kwa Greenock Morton, unaiona juu ya paa. Baba alinipeleka huko Jumamosi kadhaa, tukasimama, tukala pai ya nyama ya kondoo yenye mafuta yanayotiririka hadi kwenye kiwiko. Nadhani yeye aliangalia winchi kuliko mpira.

Mjini kuna sanamu ya farasi wa chuma, Ginger, kumkumbuka farasi wa mkokoteni wa sukari aliyeteleza bandarini akazama. Mama alipenda kwamba mji umemkumbuka mnyama. Akauliza kama kuna sanamu ya wauguzi.

Mchana mvua iliacha, tukaenda Esplanade, barabara ya ufukweni. Pale ufukweni unatazama kaskazini, na katikati ya maji, kati ya Greenock na Helensburgh, kuna kitu cheusi kimelala ubavu kama nyangumi. Ni meli. Inaitwa Captayannis, ya Wagiriki, lakini hapa kila mtu anaiita meli ya sukari. Usiku wa Januari 1974 ilikuwa imetia nanga ikisubiri zamu ya kuingia James Watt Dock, dhoruba ikapiga, nanga yake ikaburuzika, meli ikasukumwa hadi kwenye minyororo ya nanga ya meli ya mafuta iitwayo British Light. Meli ya mafuta haikupata shida. Minyororo yake ndiyo iliyoipasua ya sukari chini ya maji. Nahodha akaona atazama penye kina, akaipeleka juu ya fungu la mchanga akaikwamisha makusudi. Mabaharia wote waliokolewa, na kesho yake asubuhi meli ikapinduka. Wenye meli na wenye bima wakakataa kila mmoja kuwa ni yake, kwa hiyo haijaondolewa na mtu. Miaka hamsini sasa. Shakwe wanazalia humo, miti imeota.

Mzigo wake ulitoka Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo. Baba alipolijua hilo alifurahi kupita kiasi. Kila mgeni aliyetoka nyumbani, na walikuwa wachache, wanafunzi wa Glasgow wengi wao, alipelekwa Esplanade akaonyeshwa: "Ile pale ilitoka pwani yetu." Msumbiji ikawa pwani yetu. Ukiwa mbali ramani hupungua.

Sukari iliyeyuka siku chache tu baada ya ajali. Babu wa Chini alidai kwamba samaki wa mwaka ule walikuwa watamu. Huyo naye alipenda kunidanganya.

Jumamosi

Mvua kutwa. Tulikaa ndani ya jumba la makumbusho la Watt Institution hadi walipofunga. Mama alilala kwenye benchi mbele ya mifano ya meli.

Jioni tulinunua samaki na chipsi. Wanauliza: chumvi na siki? Unaitikia, wanamwaga mpaka karatasi inalowa. Mama alitoa mkobani chupa ya pilipili aliyotoka nayo Mwanza. Muuzaji akaomba kuonja kwa ncha ya uma, akakohoa, akawaita wenzake wawili watoke jikoni nao waonje.

Jumapili

Misa katika kanisa la St Laurence. Lile la awali lilipigwa bomu na Wajerumani Mei 1941, katika usiku mbili zilizoua watu wa mji huu wapatao 280. Lililopo lilijengwa baada ya vita. Padri amebadilika, waumini wamezeeka na kupungua, ila viti vitatu mbele yetu kulikuwa na familia ya Kinigeria na nyuma kulikuwa na wauguzi wa Kihindi kutoka Kerala. Mama aliwaendea wauguzi hao hata kabla ya mlango kufunguliwa vizuri. Walimaliza nusu saa wakilinganisha wodi.

Watu huniuliza kuhusu rangi kwanza. Nao wa Greenock, baada ya kushangaa rangi, waliuliza jambo jingine: unasoma shule gani? Jibu la swali hilo liliwaambia kama wewe ni Mkatoliki au Mprotestanti, na kutokana na hapo walijua timu yako ya Glasgow, babu yako alitoka Ireland au la, na ukigombana nyuma ya maduka nani atakuja upande wako. Kwa kuwa Mama ni Mhaya aliyelelewa na masista, mimi nilipata jeshi bila kuliomba. Kuna wavulana walionitukana Jumatatu, na Jumanne wakanipigania dhidi ya shule ya jirani, kwa sababu ya sare. Sijawahi kupata namna nzuri ya kumweleza mtu wa Mwanza jambo hilo.

Baada ya misa teksi ilitupandisha Lyle Hill. Kilima kina jina la Abram Lyle, mwenye meli na sukari wa Greenock aliyewahi kuwa meya wa hapa, yule aliyehamia London kibiashara na kuuza ile shira kwenye mkebe wa kijani wenye simba. Juu kuna mnara wa Wafaransa Huru, wale waliokataa kusalimu amri kwa Wajerumani: msalaba wa Lorraine, wenye mikono miwili, uliogeuka nanga chini, kumbukumbu ya mabaharia waliosafiri kutokea hapa wakati wa vita. Wengi huuhusisha na manowari ya Kifaransa Maillé Brézé iliyolipuka majini mbele ya mji tarehe 30 Aprili 1940.

Ukisimama pale unaona kila kitu. Ghuba za Gare Loch, Loch Long na Holy Loch zinaingia milimani, na Clyde inapinda kwenda kusini. Utotoni Holy Loch kulikuwa na Wamarekani. Nyambizi zao za nyuklia zilikaa humo tangu 1961 hadi 1992. Ungekuwa ufukweni unarusha mawe, halafu kitu cheusi kisicho na madirisha kinapita kimya, mashua za polisi zikikizunguka. Walimu walituambia kwamba vita ikija sisi tutakufa mapema kuliko wengine, na walilisema kwa fahari fulani. Wamarekani wameondoka mwaka uleule tulioondoka sisi. Nyambizi za Waingereza bado zipo Faslane, nyuma ya vilima.

Mama alikuwa anatafuta kitu upande wa Port Glasgow. Nilijua. Kulikuwa na winchi ya Goliath, pana kuliko barabara nne, ilivuka karakana yote ya Kingston, ukiitazama popote ulipo. Imeshalipuliwa. Pale sasa ni maduka na maegesho ya magari.

Hapa nieleze vizuri, kwa sababu nyumbani nikisema nilikulia Uskoti watu wanadhani nilikulia raha. Tulifika 1981. Karakana za Scotts na Lithgows zilikuwa zimeunganishwa, zikataifishwa 1977, na sasa zilikuwa zinajaribu kuunda mitambo ya kuchimba mafuta ya Bahari ya Kaskazini badala ya meli. Mtambo mmoja ulichelewa, mteja akavunja mkataba, na mwaka 1984 serikali ikauza karakana kwa kampuni binafsi. Maelfu ya watu waliachishwa. Baba alikuwa amemaliza chuo na kupata kazi katika kiwanda cha injini mjini. Niliona kwa macho yangu akina baba wa wenzangu wakianza kuja kutuchukua shuleni. Zamani walikuja akina mama. Wanaume wale walisimama getini mikono mifukoni, hawajui waongee nini na wanawake, na wiki baada ya wiki wakaongezeka. Kiwanda cha Baba nacho kikapunguza watu, yeye akiwa miongoni mwa wa kwanza, kwa kuwa aliyeingia mwisho ndiye anayetoka mwanzo. Akapanda meli za watu, miezi sita yupo baharini, miezi miwili nyumbani. Mshahara wa Mama ndio uliotulisha.

Alikuja kuona mashine zinakozaliwa, akakuta wanazima taa. Aliniambia hivyo mwenyewe, si kwa uchungu, alikuwa anacheka. Aliporudi Mwanza 1992 alikuwa na sanduku la vipuri na vitabu vya mafundi waliokufa, amepewa na wajane wao. Babu wa Chini alimwachia nyundo.

Nilimwambia Mama pale juu kwamba Victoria imefanyiwa ukarabati mkubwa, imerudi ziwani 2020 kwa jina jipya la New Victoria Hapa Kazi Tu, wakati Scotts haina hata ukuta. Alikuwa anajua, ameipanda mara ngapi kwenda Bukoba. Akaniuliza kama nadhani Baba aliteseka huku. Nikasema sijui. Akasema yeye hakuteseka. Alipata kazi aliyoiheshimu, ngazi safi, na watu waliomsikiliza akisema dawa gani apewe nani. "Wewe unahuzunika kwa ajili ya winchi," akaniambia. "Mimi sikuja huku kwa ajili ya winchi."

Jumatatu

Gourock, kwa basi. Bwawa la kuogelea la maji ya bahari yaliyopashwa moto lipo tangu 1909, na humo ndimo nilimojifunza kuogelea, mvua ikininyeshea kichwani na mwili ukiwa na joto. Mama hakuwahi kuelewa kwa nini mtu alowe mara mbili.

Nyuma ya maduka kuna jiwe la Kempock, limesimama peke yake ndani ya uzio, refu kama mtu mzima, lina umbo la bibi aliyejitanda. Zamani wavuvi walilizunguka wakiomba upepo mwema. Mwaka 1662 binti aitwaye Mary Lamont alichomwa moto kwa uchawi, akituhumiwa pamoja na wengine kutaka kulitupa baharini ili meli zizame. Nilikuwa nikilikimbia nikipita jioni. Leo Mama alitaka picha, akasimama karibu nalo na mwavuli wake, wote wawili wamejitanda.

Lile bomba refu la moshi la kituo cha umeme cha Inverkip, mita 237, halipo tena. Lililipuliwa 2013. Tulipokuwa tukitoka matembezini na gari la jirani, ndilo tulilolitumia kujua tumekaribia nyumbani.

Jumanne

Ndege ni saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi tulipata muda wa supamaketi moja. Mama alinunua mikebe ya Golden Syrup ya Lyle, ile ya kijani. Nilimwambia kwamba siku hizi haitengenezwi hapa, inatoka London, na kwamba yeye ana kisukari. Alisema si ya kwake, ni ya wajukuu na ya mama wa kwaya, na kwamba London ni shauri lao.

Kwenye mizani ya uwanja wa ndege sanduku lilizidi kilo nne. Kijana wa kaunta, kwa lafudhi ileile ya Greenock inayomeza nusu ya maneno, alimuuliza kama kuna kitu anaweza kuhamishia kwenye mkoba wa mkononi. Shira ni kimiminika, hairuhusiwi mkononi. Mama akavua koti la juu, akalitoa na la pili la sandukuni, akayavaa yote, akaweka viatu viwili mifukoni. Mizani ikasoma kilo moja na nusu zaidi. Yule kijana akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akafunga lebo.

"Umetoka wapi Greenock?" Mama akamuuliza, kwa Kiingereza chake cha kule ambacho sikujua bado anacho.

"Port Glasgow," akasema.

"Hata hivyo," Mama akasema, akachukua pasi yake.